Upande wa kushoto wa lori

Dereva wa lori kubwa hukaa juu sana. Macho yake huwa zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, na kati yake na barabara kuna mlango mrefu, dashibodi pana na nguzo mbili nene zinazoshika kioo cha mbele. Mara nyingi kuna pia pazia, bendera na mapambo mengine yaliyopangwa kiooni. Kwa kimo hicho anaona mbali kuliko dereva wa gari dogo: anaiona foleni kabla haijamfikia, anaona juu ya paa za magari yaliyomtangulia. Asichokiona ni kile kilicho karibu naye. Mtoto anayepita mbele ya bampa, mwendesha baiskeli aliyesimama chini ya dirisha la utingo, mtu anayesukuma mkokoteni nyuma ya tela, wote wako karibu kiasi cha kuligusa lori kwa mkono, na dereva hawezi kumwona hata mmoja wao kwa macho yake.

Katika nchi ambako magari hupita kushoto, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza, dereva hukaa kulia. Upande wake mwenyewe ana nafuu, kwa sababu anaweza kuchungulia dirishani na kioo cha kulia kiko jirani na macho yake. Balaa liko kushoto. Ili aone chini upande huo, inambidi atazame kuvuka upana wote wa kabini na kutokea dirisha ambalo ukingo wake wa chini mara nyingi uko juu ya kichwa cha mtu aliyeketi kwenye baiskeli. Kadiri mtu anavyolikaribia lori, ndivyo anavyozidi kuzama chini ya ukingo huo. Aliye mita kadhaa pembeni huenda akaonekana kichwa na mabega, lakini aliye ubavuni kabisa hupotea. Sheria au mazoea humtaka mwendesha baiskeli akae kushoto kabisa mwa barabara. Kwa hiyo mahali anapoambiwa ni salama kwake ndipo hapo hapo ambapo dereva wa lori haoni.

Mbele ya lori pana upofu wa aina nyingine. Kwenye kabini iliyo juu ya injini, mtu aliyesimama karibu na bampa hufichwa na kimo chenyewe cha gari; kwenye malori yenye pua ndefu, boneti humficha hata aliyesogea mbele zaidi. Nyuma hali ni mbaya kuliko kote. Kioo cha ndani hakina maana pale ambapo kabini imefuatiwa na kontena, hivyo mtu aliyejibanza nyuma ya tela hana njia ya kuonekana hadi atoke pembeni.

Vioo vya pembeni vimewekwa kupunguza tatizo hili, na vimelipunguza kweli. Kioo kikubwa huonyesha kipande chembamba cha barabara kando ya bodi. Kioo kilichobinuka huongeza upana. Kingine kidogo kinachotazama chini huonyesha eneo la mlango wa kushoto. Na kingine cha mbele hufunua sehemu iliyo chini ya bampa. Lakini kioo kilichobinuka humfanya mtu aonekane mdogo na wa mbali kuliko alivyo. Vilevile dereva hawezi kutazama vioo vyote kwa wakati mmoja. Akiwa ametoka kukagua kioo cha kushoto na sasa anaangalia kulia kama barabara ni nyeupe, baiskeli iliyokuwa nyuma ya tela imekwisha kufika ubavuni mwa kabini. Dereva ametimiza wajibu wake, na bado hajaona. Jambo hili lafaa lisisitizwe, kwa kuwa waendesha baiskeli wengi huamini kwamba lori lenye vioo vingi linawaona.

Hatari kubwa zaidi hutokea kwenye kona, na chanzo chake ni namna gari refu linavyopinda. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Kadiri ekseli ya nyuma inavyokuwa mbali na ya mbele, ndivyo ukataji huo unavyozidi, na kwa semi-trela tofauti inaweza kufika mita kadhaa. Dereva anayejua kazi yake, akitaka kuingia kushoto kwenye barabara nyembamba, huanza kwa kupeleka kichwa cha lori kulia ili tela ipate nafasi ya kupita bila kupanda ukingo. Aliye nyuma na baiskeli huona jambo tofauti kabisa. Anaona lori limesogea kulia, nafasi imefunguka kushoto, na kama indiketa imefichwa na vumbi au haiwaki, anadhani dereva anakwenda kulia au anampisha. Anaingia kwenye nafasi ile. Sekunde chache baadaye kichwa kinageuka kushoto, bodi inasogea kama ukuta kuelekea ukingoni, na nafasi inaanza kujifunga kuanzia mbele. Kutangulia hawezi, kwa kuwa kabini imemziba. Kurudi nyuma kwa baiskeli ni vigumu. Kuruka ukingo huenda kukazuiwa na uzio au mtaro. Wengi wa wanaokufa katika ajali za namna hii hawakugongwa kwa kasi. Lori lilikuwa linatambaa tu, kilomita kumi au kumi na tano kwa saa, likawaangusha kwa ubavu, na magurudumu ya nyuma yakawafikia.

Ndiyo maana nafasi iliyo wazi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ina uzito wake katika suala hili. Penye vizuizi vya pembeni, yaani vyuma au mabati yanayoziba uwazi huo, aliyeguswa na bodi husukumwa nje. Pasipo na vizuizi, huangukia chini ya gari.

Kwenye barabara kuu, ambako lori hupita kwa kasi, hatari hubadilika sura. Lori husukuma hewa mbele yake na kuacha mvuto ubavuni na nyuma. Mwendesha baiskeli anayepitwa kwa karibu husukumwa kwanza kuelekea nje ya barabara, kisha mara moja huvutwa kuelekea kwenye tela. Anayekaza misuli kupambana na msukumo wa kwanza hukutwa tayari ameegemea upande wa lori pale mvuto unapoanza. Tela ndefu humpita kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, na nyuma yake huenda kukawa na tela ya pili au lori jingine linalofuata kwa karibu. Kuhusu breki, inatosha kukumbuka uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu lori lenye mzigo kufikia tani 56. Baiskeli na mtu wake, hata akiwa na gunia la mkaa, havifiki robo tani.

Mji uliochunguza suala hili kwa undani kuliko mingi ni London. Katika muongo wa kwanza wa karne hii idadi ya wanaokwenda kazini kwa baiskeli iliongezeka sana katikati ya jiji hilo, wakati huo huo ujenzi ukishamiri na malori ya mchanga, kokoto na zege yakijaa mitaani. Mwaka 2009 waendesha baiskeli 13 waliuawa London. 10 kati yao walikuwa wanawake, na 8 kati ya wanawake hao waliuawa na malori makubwa. Takwimu hiyo iliwashtua wengi, kwa kuwa wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume miongoni mwa waendesha baiskeli. Moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba wanawake wengi walikuwa waangalifu: walikaa kushoto kabisa na kusubiri taa nyekundu karibu na ukingo. Kama maelezo hayo ni sahihi, basi uangalifu wa kawaida, usioambatana na kujua dereva anaona wapi, ndio uliowaweka mahali pabaya.

Kisha ukaja Novemba 2013. Ndani ya wiki mbili waendesha baiskeli sita waliuawa London, na wote sita katika ajali zilizohusisha magari makubwa: malori au mabasi. Mmoja alifia kwenye mzunguko wa Bow, mashariki mwa jiji, mahali ambapo wengine wawili walikuwa wamekufa mwaka 2011, kwenye njia iliyopakwa rangi ya buluu na kutangazwa kuwa barabara kuu ya baiskeli. Rangi peke yake haikuwa imezuia chochote. Hata michoro ya barabarani ilikuwa na kasoro. Kwenye taa nyingi za barabarani nchini Uingereza kulikuwa na kisanduku cha baiskeli mbele ya mstari wa magari, na kijia chembamba cha kufikia kisanduku hicho kilipita kushoto, ubavuni mwa foleni. Mwendesha baiskeli aliyefuata kijia hicho alielekezwa na barabara yenyewe kwenda kusimama chini ya dirisha la lori. Kanuni za mwaka 2016 ziliondoa ulazima wa kuwa na kijia hicho.

Kati ya 2015 na 2017 malori makubwa yalihusika katika asilimia 63 ya ajali zilizoua waendesha baiskeli London, ingawa safari zake zilikuwa asilimia 4 tu ya umbali wote uliosafiriwa na magari jijini. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa madereva au wa waendesha baiskeli peke yake. Inaonyesha kwamba chombo chenyewe, jinsi kilivyoundwa, hakifai mitaa yenye watu.

Aliyeliona hilo mapema ni mama mmoja. Cynthia Barlow alifiwa na binti yake mwaka 2000, aliyegongwa na lori la zege akiwa kwenye baiskeli njiani kwenda kazini katikati ya London. Barlow alinunua hisa za kampuni iliyomiliki lori hilo, akaenda kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, akasimama na kuuliza kampuni itafanya nini. Aliendelea kuuliza hadi malori yao yakaanza kufungwa vihisio na vioo vya ziada, na kampuni ikaja kuwa miongoni mwa zilizoongoza katika jambo hilo. Baadaye aliongoza RoadPeace, shirika la Uingereza la wahanga wa ajali za barabarani. Kazi yake inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba elimu ya usalama ni mabango tu.

Sheria nazo zilifuata, taratibu. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuagiza vioo vya ziada kwenye malori mapya, na kwa agizo la mwaka 2007 ukataka hata malori yaliyosajiliwa tangu mwaka 2000 yafungwe vioo hivyo kabla ya mwisho wa Machi 2009. Vizuizi vya pembeni vilikuwa lazima Uingereza tangu miaka ya 1980, lakini malori ya ujenzi, kama tipa na ya zege, yalisamehewa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiua. Septemba 2015 London ilifunga mwanya huo ndani ya mipaka yake: lori lenye uzito unaozidi tani 3.5 lisilo na vizuizi au vioo vya kuonyesha mbele na kushoto likapigwa marufuku.

Hatua iliyofuata iligusa kiini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds uliofanyika kwa ajili ya mamlaka ya usafiri ya London ulionyesha kwamba dereva anayemwona mtu kupitia kioo cha pembeni au skrini huchelewa kuchukua hatua kwa wastani wa sekunde 0.7 kuliko anayemwona moja kwa moja dirishani. Kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, muda huo ni mita 4.7 za ziada kabla ya breki kukanyagwa, zaidi ya urefu wa baiskeli mbili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Loughborough wakabuni njia ya kupima kila aina ya lori dereva anaona kiasi gani kwa macho yake, na kuipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Tangu Machi 2021 lori linalozidi tani 12 haliruhusiwi kuingia London bila kibali kinachotegemea nyota hizo, na mwishoni mwa Oktoba 2024 kiwango cha chini kilipandishwa hadi nyota tatu. Lisilofikia lazima lifungwe vihisio na kamera za kumtambua mtu aliye ubavuni. Malori yanayopata nyota nyingi yana kabini ya chini na mlango wa kioo hadi karibu na miguu ya abiria, kama yale ya kuzoa taka. Mercedes Econic ni mojawapo. Kwenye kabini ya namna hiyo dereva na mwendesha baiskeli hutazamana uso kwa uso.

Pamoja na hayo yote, malori ya zamani hayatoweki kwa siku moja, na hapo ndipo elimu inapopata nafasi yake. Polisi wa London walianza mwaka 2007 zoezi ambalo huenda ndilo somo bora kuliko yote yaliyobuniwa kuhusu jambo hili. Lori la kweli huegeshwa mahali penye watu, na waendesha baiskeli hualikwa kupanda kabini mmoja mmoja na kukaa kwenye kiti cha dereva. Askari hueleza kila kioo kinaonyesha nini, huku baiskeli au mtu akiwa amewekwa pembeni. Aliyeketi hutazama dirishani, haoni kitu. Hutazama kioo cha kwanza, hola. Kisha huelekezwa mahali baiskeli ilipo, ubavuni kabisa. Dakika chache kwenye kiti hicho huleta maarifa ambayo maneno mengi hayawezi kuyaleta, kwa sababu mtu huyaona kwa macho yake mwenyewe.

Uholanzi, nchi ya baiskeli kuliko zote, hupeleka somo hilo shuleni. Malori huingia katika viwanja vya shule za msingi, watoto wa madarasa ya mwisho wakapanda kabini, na wenzao wakasimama katika maeneo yaliyowekwa alama chini ili ionekane darasa zima linavyoweza kufichika. Hufundishwa kukaa angalau mita tatu kutoka kwenye lori, na kusubiri nyuma yake badala ya ubavuni. Uholanzi pia ndiyo iliyotoa onyo kuhusu mipaka ya vifaa: kioo cha ziada cha upande wa hatari kilipofanywa lazima mwaka 2003, vifo vya aina hiyo vilipungua mwanzoni, kisha vikapanda tena.

Elimu hii imewahi kupata upinzani, na upinzani huo ulikuwa na haki. Mwaka 2014 vyama vya waendesha baiskeli vya Uingereza vilipinga stika zilizobandikwa nyuma ya malori, mabasi na hata magari madogo ya mizigo, zikiwaamuru waendesha baiskeli wakae nyuma. Hoja yao ilikuwa kwamba stika zile zilimgeuza mtu dhaifu kuwa mwenye kosa, na kumpa dereva kisingizio kila atakapompita mtu na kumkatia kona. Maandishi yakabadilishwa yakawa ya tahadhari kuhusu upofu wa dereva. Hoja hiyo ina uzito mahali popote. Mara nyingi si mwendesha baiskeli anayejipenyeza ubavuni mwa lori. Ni lori linalomfikia, linampita nusu, kisha linapinda kushoto kabla tela haijamaliza kupita. Aliyefundishwa mita tatu hana la kufanya hapo isipokuwa kufunga breki. Ndiyo maana London iliunganisha somo la kabini na jingine la upande wa pili: mafunzo ambamo madereva wa malori hushuka, hupanda baiskeli na kuendesha katika mitaa yenye magari kwa nusu ya siku.

Kwa mwendesha baiskeli mwenyewe, yanayofundishwa yanaweza kuelezwa bila maneno mengi. Akilikuta lori limesimama kwenye taa au kwenye foleni, abaki nyuma yake, hata kama kushoto pana nafasi ya kupita. Nafasi hiyo si yake. Asiamini indiketa, wala kukosekana kwake. Lori likisogea kulia karibu na njia panda, achukulie kwamba linaelekea kushoto. Akiwa yeye ndiye wa mbele, asijibanze ukingoni, bali asimame katikati ya njia, mbele ya kutosha ili dereva amwone juu ya dashibodi, na ageuke amtazame usoni. Asipouona uso wa dereva, moja kwa moja au kiooni, ajue kwamba dereva naye hamwoni. Lori likimfikia ubavuni karibu na kona, apunguze mwendo hadi lote limalize kupita, na akibanwa, aiache baiskeli apande ukingo. Baiskeli hununuliwa nyingine. Hayo ni maarifa ya kufa na kupona, na hayana gharama.

Barabara za Afrika Mashariki zinaongeza mambo yake. Katika mikoa kama Shinyanga, Simiyu na Tabora baiskeli ni chombo cha kila nyumba: hubeba abiria, magunia ya mpunga, madumu ya maji na maziwa, mgonjwa kwenda zahanati. Kuelekea Dar es Salaam hubeba mkaa. Baiskeli yenye magunia matatu huwa pana kuliko mabega ya mwenye kuiendesha, haiwezi kukwepa haraka, na haina nafasi ya mtu kugeuza shingo aone nyuma. Barabara hizo hizo ndizo njia za malori ya bandari yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Ukingo wa lami mara nyingi umemomonyoka, na kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kutosha kupindua baiskeli. Lori linapopiga honi kwa nyuma, mwenye baiskeli hulazimika kuchagua kwa sekunde moja kati ya kubaki kwenye lami na kuteremka kwenye ngazi hiyo na mzigo wake wote. Wengi huteremka. Honi ya lori, kwa mazoea ya barabara zetu, haiulizi.

Usiku tatizo hugeuka: lori nalo huwa haliwezi kuonekana. Lililoharibika huachwa kwenye lami bila taa, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani mita chache nyuma. Mwenye gari huyaona matawi kwa taa zake. Mwenye baiskeli isiyo na taa huyaona akiwa juu yake, na huenda kinachofuata ni kona ya chuma ya tela iliyo sawa na kimo cha kichwa chake. Reflekta nyekundu nyuma ya baiskeli na nyeupe mbele hugharimu kidogo mno kulinganisha na kazi yake, na pembetatu za lori zimekwisha kuagizwa na sheria. Kinachokosekana ni kuzitoa chini ya kiti.

Jambo jingine linalohusu ukanda huu ni kubadilika kwa upande. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Malori mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yana usukani wa kulia, na yakivuka Rusumo au Kabanga yanaendelea na safari upande wa pili wa barabara. Huko baiskeli hukaa kulia, ubavuni mwa dereva, na hilo ni afadhali kwake; lakini dereva huyo akitaka kulipita gari au kupinda kushoto, hupinda kuelekea upande asiouona. Lori lenye usukani wa kushoto katika nchi hizo lina upofu mkubwa kulia. Kwa hiyo kanuni ya kuogopa kushoto haitoshi kwa mtu wa mpakani. Kinachofaa kufundishwa ni kutazama dereva ameketi wapi na kuukwepa upande wa pili wake.

Burundi kuna hatari iliyo kinyume cha zote zilizotajwa, kwa kuwa huko mwendesha baiskeli hulifuata lori kwa hiari. Kwenye barabara ya taifa namba 1, vijana hushusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja kwa kimo, kwa kasi inayoshindana na magari. Kurudi juu ni mlima mtupu. Hivyo hungoja lori linalopanda polepole, hushika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja na kushika usukani wa baiskeli kwa mwingine, wakati mwingine watatu au wanne kwenye lori moja. Dereva hawaoni. Akifunga breki, wanajigonga kwenye tela. Akiyumba kukwepa shimo, wanarushwa upande wa magari yanayoshuka. Na moshi wa dizeli wanauvuta njia nzima. Kuwaambia vijana hao kwamba ni hatari hakuongezi kitu, maana wanajua, na wamezika wenzao. Wanashika lori kwa sababu safari ya kupanda kwa miguu ingekula siku nzima na faida ya ndizi. Usafiri wa bei nafuu wa kupandisha baiskeli tupu ungepunguza vifo hivyo kuliko onyo lolote.

Mijini suluhisho kuu linajulikana: kutenganisha. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya baiskeli iliyoinuliwa kando na magari. Inasaidia sana pale inapobaki wazi. Pale pikipiki, wachuuzi na magari yaliyoegeshwa yanapoiteka, mwendesha baiskeli hurudi barabarani pamoja na mabasi. Hata njia iliyotengwa vizuri huishia kwenye makutano, na makutano ndiko lori linakopinda. Waholanzi hulishughulikia hilo kwa kurudisha njia ya baiskeli nyuma kidogo penye kona, ili lori linapofika kuikata liwe limekwisha kupinda na dereva amwone mtu mbele yake badala ya ubavuni. Muundo huo hauhitaji teknolojia yoyote isipokuwa ukingo wa saruji mahali panapostahili.

Wakati hayo yakisubiri bajeti, somo la kabini linaweza kufanyika kesho. Yadi za malori ziko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na kila mji wa njiani. Nchini Tanzania, askari wa usalama barabarani tayari hutembelea shule katika Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kinachohitajika ni lori moja lililozimwa, breki ya mkono ikiwa imekazwa, baiskeli chache na chaki ya kuchora maeneo ya upofu. Watoto wapande kiti cha dereva kwa zamu, na wauza mkaa, waendesha baiskeli za abiria na wabeba maziwa wapewe nafasi hiyo hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaoishi barabarani.

Malori ya huku yana kitu kimoja ambacho malori mengi ya London hayana: utingo. Yeye huketi kushoto, kwenye dirisha lile lile ambalo dereva haoni chini yake, na akitoa kichwa nje anaona kutoka gurudumu la mbele hadi taa ya nyuma ya tela. Tayari yapo mazoea ya kumtumia kuongoza lori linaporudi nyuma. Kumpa kazi ya kuchungulia kila lori linapotaka kupinda kushoto, na dereva asikate kona kabla hajasikia neno lake, ni agizo ambalo mwenye gari anaweza kulitoa leo kabla lori halijatoka yadi. Kwenye kona za mjini asiruhusiwe kulala kitandani nyuma ya viti, na anayeendesha bila utingo akague kioo cha kushoto mara mbili: kabla ya kuanza kupinda, na tena kichwa kinapoanza kugeuka.